Waya Kwenye Kifuniko cha Oili

Wakenya wa Gaithersburg walimjua Chelagat kwa mambo mawili, chapati zake na pikipiki yake. Chapati walizisifu mbele yake. Pikipiki waliisemea pembeni, maana mama wa makamo, mhudumu wa wazee, mwimba kwaya, akitoka asubuhi ya Jumamosi na koti la ngozi na helmeti kichwani, watu wetu hawakosi la kusema. Wengine walisema anatafuta mume. Wengine walisema ameshampata, na ndiye aliyemnunulia. Yote aliyasikia na hayakumnyima usingizi. Alikuwa na kichwa kigumu tangu utotoni, na asiye na kichwa kigumu hawezi kukaa Amerika miaka yote hiyo akigeuza wazee kitandani.

Pikipiki hakuinunua wala hakununuliwa. Katika nyumba ya wazee alikofanya kazi kulikuwa na mzee mmoja Mzungu, mjane, aliyetengeneza lifti maisha yake yote. Chelagat ndiye aliyemwogesha na kumlisha mpaka mwisho, na mzee alipenda kumsimulia pikipiki yake kama wengine wanavyosimulia wajukuu. Alipofariki, binti yake alimpeleka Chelagat kwenye gereji ya nyumbani, akafunua turubai, akasema baba ameacha neno kwamba hii ni ya yule mama anayesikiliza. Ilikuwa ya Kijapani, ya zamani, silinda moja, tangi la kijani. Kiti kilikuwa kimoja tu. Cha abiria mzee alikiondoa mkewe alipokufa na hakukirudisha tena.

Chelagat alilia palepale mbele ya binti wa watu. Kwao Nandi, alipokuwa mdogo, pikipiki ilikuwa moja katika lokesheni nzima, ya daktari wa ng'ombe, na ikisikika ng'ambo ya mto watoto waliacha kila kitu. Siku moja aliushika usukani wake, na dada yake Taprandich akamvuta sikio. Wasichana hawapandi hiyo, alimwambia. Chelagat hakusahau.

Huyu Taprandich ndiye mtu wa pili katika habari hii, na tuseme mapema kwamba hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya, mambo yangekuwa mepesi. Mama yao aliugua sana baada ya kumzaa Chelagat, kitinda mimba wake, na ni Taprandich, msichana mdogo tu, aliyembeba mtoto mgongoni mpaka akajua kutembea. Miaka mingi baadaye Taprandich alipofiwa na mume, watoto wake wakiwa wameshaoa na kuolewa, Chelagat aliapa kwamba dada yake hatazeekea upweke. Akaanza kumwandalia makaratasi ya kuja Amerika.

Makaratasi yakakwama, na hapo ndipo kikundi cha maombi cha akina mama kilipoingia. Kanisa lao liko Takoma Park, kanisa dogo la mawe ambalo Wakenya, Watanzania, Wakongo na Warundi hulitumia mchana, wenyeji wakishamaliza ibada yao. Kiongozi wa akina mama ni Domina, Mhaya wa Bukoba, mwanamke mwenye sauti ya kuamuru hata anapoomba chumvi. Yeye ndiye aliyeleta utaratibu wa mapatano. Akina mama hukaa wakatafuta sentensi moja ya kuombea jambo, na wakishaipata haibadiliki. Kila mmoja huenda nayo nyumbani na kuisema vilevile, bila kuongeza neno wala kupunguza, mpaka ijibiwe. Kusema uongo juu ya patano ni dhambi ambayo hata Domina huitaja kwa sauti ya chini. Jambo likijibiwa, mwenyewe husimama kanisani, huitaja ile sentensi mbele ya watu, kisha hutoa ushuhuda.

Sentensi ya wakati ule ilikuwa, "Bwana, mfungulie Taprandich mlango." Chelagat mwenyewe aliisema akiosha vyombo, akiendesha gari, akibadilisha mashuka ya wazee. Mchungaji Njuguna alimpa, kama alivyompa kila aliyepatana, chupa ndogo ya mafuta ya upako, mafuta ya zeituni yaliyoombewa, yenye kizibo cheupe cha ndani kinachoachia tone moja moja. Alipaka bahasha za makaratasi. Mlango ukafunguka, na ile chupa ikabaki dirishani kwake, kwa shukrani.

Basi wakaishi pamoja, dada wawili, katika nyumba ya ghorofa iliyobanana na za majirani, gereji chini, jiko juu. Taprandich alijifunza kuendesha gari mpaka dukani, lakini barabara kuu ya I-270 ilimtia kizunguzungu, kwa hiyo Chelagat ndiye aliyekuwa miguu yake. Kanisani, kliniki, matangani, kote alimpeleka yeye. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yao. Walikwenda duka la Waafrika Silver Spring kutafuta unga na mboga ya managu, wakarudi wakapika, wakala, wakapiga simu nyumbani. Akimpitishia ugali, Taprandich alipenda kusema, "Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe." Aliusema msemo huo mara nyingi mno hata Chelagat akawa anaumalizia mdomo ukiwa umejaa.

Pikipiki ilipokuja, ilikula Jumamosi. Chelagat alisomea leseni yake, akapita, na tangu hapo akishakunywa chai ya asubuhi alishika njia ya mashamba ya Poolesville mpaka mlima wa Sugarloaf. Huko alikaa juu ya jiwe, asisikie kengele ya mgonjwa wala simu ya mtu. Alirudi mchana uso umemng'aa. Dukani walikwenda bado, ila kwa haraka, na mboga nzuri zilikuwa zimeshachukuliwa.

Taprandich hakulalamika hata mara moja. Alisimama kwenye mlango wa gereji na kusema, "Haya, enda. Mungu akutangulie." Siku moja aliuliza hata injini inakunywa nini, na Chelagat, kwa furaha kwamba dada ameanza kuipenda, akamwonyesha kila kitu. Petroli inaingia hapa, oili inaingia hapa, kifuniko hiki kinafunguliwa kwa mkono tu. Baadaye akajisifu mbele yake kwamba injini ya yule mzee ni ngumu ajabu, kila akichovya kijiti kupima, oili haijapungua hata kidogo. Taprandich alisema Mungu ni mwema.

Ikaja siku ya Agosti. Chelagat alikuwa akirudi kwa barabara kuu, amechanganyika na magari ya watu wanaotoka Frederick, pikipiki ilipoguna mara moja na gurudumu la nyuma likasimama palepale. Alibana klachi kwa nguvu zake zote, pikipiki ikaserereka mpaka ukingoni, ikamwangusha kwenye changarawe. Lori lilipita karibu naye likipiga honi, na upepo wake ukamgeuza uso. Mkono wa kushoto ulikuwa umevunjika kwenye kifundo. Alikaa chini akampigia dada yake.

Taprandich alikuja na Didier, Mkongo wa Bukavu aliyefanya kazi na Chelagat na aliyekuwa na gari la kubebea mizigo. Didier alikwenda kwenye pikipiki. Taprandich alipiga magoti kwenye changarawe, magari yakipita kwa kishindo, akainua mikono yote miwili. "Asante Yesu," alisema huku machozi yakimtiririka. "Umesikia, Baba. Umesikia." Chelagat alimtazama dada yake mzee amepiga magoti kando ya barabara kuu, na maumivu ya mkono yakapungua. Hakujua kwamba mtu anaweza kupendwa kiasi hicho. Wakakumbatiana wakalia pamoja.

Jumapili yake Taprandich aliomba kipaza sauti. "Bwana asifiwe. Mungu wetu anajibu, ndugu zangu, na mimi ni shahidi." Hakuitaja sentensi yoyote. Chelagat aliliona hilo, akadhani dada amezidiwa na hisia. Akina mama wa maombi walipiga vigelegele, Mchungaji Njuguna akamwita Chelagat mbele, na kanisa zima likasimama kumpigia makofi akiwa na plasta mpya mkononi. Chelagat alishukuru. "Asanteni kwa kuniombea," alisema, na kigelegele kimoja kilichokuwa kimeanza kikakatika njiani. Hilo nalo aliliona, akalipuuza.

Plasta ilipotolewa alishuka gerejini akaitazama pikipiki. Kila mtu alimshauri aiuze kama chuma chakavu. Yeye hakuwahi kufungua hata injini ya kukatia nyasi, lakini alikuwa na kitabu cha ufundi ambacho yule mzee alikihifadhi chini ya kiti, video za watu wanaotengeneza, na kile kichwa chake. Akasema ataijenga upya mwenyewe, hapa hapa nyumbani.

Jambo lililomshangaza ni Taprandich. Alidhani dada atanuna, lakini alishuka na kigoda chake, thermosi ya chai na beseni. "Mimi nitakushikia tochi," alisema. "Na hizo bolti chafu nitakuoshea." Basi Jumamosi zikarudi. Chelagat alifungua, akapiga picha kila kipande kabla hakijatoka mahali pake, akavipanga juu ya katoni alizozikata. Taprandich alisugua bolti kwa mswaki ndani ya beseni la mafuta ya taa, akizipanga kwenye kanga kuukuu kama anachambua maharagwe, huku akisimulia habari za Nandi, nani ameuza shamba, nani ameoa mke wa pili na amejuta. Walicheka sana kwenye ile gereji. Chelagat alimwambia Didier kazini kwamba ajali ile, mbali na mkono, imemletea baraka.

Kazi yenyewe haikumpenda mwanzoni. Kichwa cha injini kilitoka, lakini pistoni ilikuwa imeng'ang'ania ndani ya silinda. Aliimwagia dawa ya kulegeza kutu, akaiacha wiki nzima, akarudi kuigonga kwa kipande cha ubao, polepole, mpaka ikatoka. Ubavuni ilikuwa imekwaruzika vibaya. Akapeleka silinda ikachongwe, akaagiza pistoni mpya na ringi zake. Ringi ya kwanza aliipanua kupita kiasi ikakatika mkononi, akaketi chini akaitazama kama mtu aliyevunja sahani ya watu. Akaagiza nyingine. Safari hiyo Taprandich alishika pistoni kwa vidole vyake vyote, Chelagat akatia ringi taratibu, na ilipoingia vizuri wote wawili wakatoa pumzi kwa pamoja.

Didier alipita siku moja kuona. Kule Bukavu aliwahi kuendesha pikipiki ya abiria, naye aliigeuza pistoni iliyokufa mkononi akakunja uso.

"Maman Chelagat, hii ilikufa juu ya kukosa mafuta," alisema. "Ulikuwa unapima?"

"Kila wiki. Oili ilikuwa full."

"Basi mafuta ilikuwa, lakini haikuwa inafika juu. Moteur, hii injini, haifagi bure. Fungula huku kando, kwenye chujio, uone ni nini inaziba. Ukifunga bila kuona, ile piston mupya nayo itakufa."

Didier alipoondoka, Taprandich aliacha kusugua. "Lakini umeshapata pistoni mpya," alisema. "Si ufunge tu? Kwa nini ufukue yaliyopita?"

"Umemsikia Didier."

"Didier si fundi. Ama tafuta injini nyingine nzima, hii iende. Hii ina mkosi."

"Dada, umeoshea bolti zake zote halafu unaniambia niitupe?"

Taprandich akasema hajui mambo ya injini, alikuwa anasema tu. Jumamosi iliyofuata aliumwa kichwa asubuhi, akataka waende dukani kwanza, akataka wapite kwa mgonjwa Rockville. Chelagat alimpeleka kote huko. Waliporudi akachukua spana akaanza kufungua kifuniko cha ubavuni, upande wa klachi, na Taprandich akakaa kwenye kigoda bila kugusa mswaki.

Kifuniko kilipotoka, Chelagat alidhani ameona grisi. Haikuwa grisi. Ilikuwa gundi ya kahawia, nzito, imeshika kila mahali kama karai la mandazi lisilooshwa mwaka mzima. Chujio lilikuwa limezibwa nayo, na kwenye mdomo wa chujio kulikuwa na kitu kimejibana. Alikichomoa kwa koleo ndogo, akakisuuza kwenye beseni la dada yake, akakileta kwenye mwanga. Kilikuwa kizibo kidogo cha plastiki, cheupe, kimekunjamana kidogo kwa joto. Katikati kilikuwa na tundu la kuachia tone moja moja.

Alikijua palepale. Ndugu ya kizibo hicho alikuwa kwenye ile chupa ya upako, dirishani kwake ghorofani.

"Dada," alisema. "Hii ni nini?"

"Mimi sijui vitu vya injini."

"Hiki si cha injini."

Taprandich alitazama mikono yake. Nje jirani alisikika akiburuta pipa lake la taka.

"Tulikuombea," alisema mwishowe. "Ulikuwa unakwenda na lile dude kila Jumamosi, tukakuombea. Domina alisema tukipaka kwa nje utaosha tu, mafuta yanatakiwa yafike kwenye moyo wa kitu. Nilikuwa nimeona unapomimina, nikawa namimina humo kila wiki. Siku moja kizibo kikaponyoka kikaingia. Nilijaribu kukitoa kwa kidole."

Chelagat alitaka kucheka, na kicheko kikakaribia kutoka. Kumbe ni hilo tu. Yeye mwenyewe alipaka bahasha za serikali mafuta haya haya. Atamlaumuje mtu aliyepaka injini? Ndiyo maana oili haikupungua, akina mama walikuwa wanaijaza kwa zeituni. Ulikuwa ujinga, lakini ujinga wa upendo, na ujinga wa upendo mtu huusamehe siku hiyo hiyo na kuusimulia kwenye harusi. Akainua kikombe cha chai. Mkono ukiwa hapo juu, akakumbuka kwamba siku ya ushuhuda hakuna aliyeitaja sentensi.

"Mlipatana nini?" aliuliza.

"Ulinzi."

"Ulinzi si sentensi. Niambie sentensi, dada."

Taprandich angeweza kumdanganya mtu yeyote juu ya kizibo. Juu ya patano hakuweza, na Chelagat alijua hawezi. Dada yake aliyaziba macho kwa kanga iliyojaa mafuta ya taa, akaisema kama inavyosemwa, bila kuongeza neno wala kupunguza.

"Bwana, iue pikipiki hii, umrudishe Chelagat nyumbani."

Chelagat alikirudisha kikombe chini. Sasa akaisikia tena ile sauti kando ya I-270, umesikia, Baba, umesikia. Alidhani dada anashukuru kwa kuwa yeye yu hai. Kumbe alikuwa anashukuru kwa kuwa pikipiki imekufa. Na kanisa zima limesimama, vigelegele, makofi, yeye mbele na plasta yake akiwashukuru watu kwa kumwombea. Kile kigelegele kilichokatika njiani kilikuwa cha mtu mmoja mwenye aibu kidogo. Wengine walimaliza vyao.

"Nilikuwa juu yake," alisema. "Mliomba ife, na mimi nilikuwa juu yake."

"Tulidhani itafia hapa. Kwenye gereji. Tulidhani utapiga asubuhi ikatae tu."

"Mchungaji alijua?"

"Alibariki chupa. Zinakokwenda hakuuliza."

"Na ulipoona mkono wangu? Hukuona hata hapo?"

"Niliogopa. Niliona nikisema utaniondoa hapa kwako." Taprandich alilia kwa sauti sasa. "Nilikubeba mgongoni, Chelagat. Mgongo wangu huu. Na wewe ukaleta kitu chenye kiti kimoja."

"Umekaa hapa miezi unanioshea bolti."

"Nilitaka tu kukaa na wewe."

Lile ndilo lililomkata Chelagat kuliko yote, kwa sababu lilikuwa kweli. Zile Jumamosi, maharagwe ya chuma juu ya kanga, vicheko, habari za wake wa pili, dada alizinunua kwa mkono wa mdogo wake uliovunjika, na alizifurahia. Mtu hujilinda na jirani, hujilinda na bosi, hufunga mlango wa mbele. Mzaliwa naye, nani atamfungia mlango? Alimwambia dada yake apande juu akapumzike. Kisha akalia peke yake, kwa hasira, kilio kibaya kisicho na nafuu yoyote mwishoni.

Akina mama walipopata habari kwamba siri imetoka, hawakuomba radhi, walituma salamu. Domina alipiga simu kusema kwamba wao ni mwili mmoja na shetani asipewe nafasi. Mchungaji Njuguna naye alipiga. Alisema akina mama walikosea njia, lakini Mungu ana njia zake, na tazama, amemponya.

"Ana njia zake, Mchungaji," Chelagat alijibu. "Mimi ile siku nilikuwa kwenye I-270." Kisha akamwambia lazima arudi kazini, ingawa ilikuwa siku yake ya mapumziko.

Chelagat hakumfukuza dada yake, na wala hakulifikiria hilo. Aliendelea kumpeleka kanisani kila Jumapili, akamshusha mlangoni, akabaki ndani ya gari na redio. Alimpeleka kliniki. Alimnunulia managu. Lakini gerejini alishuka peke yake, na tochi akaifunga kichwani kwa mkanda. Taprandich aliacha thermosi kwenye ngazi. Chai ilipoa humo ndani, na jioni aliichukua akaimwaga. Kule chini Chelagat alichokora gundi kila tundu, akapuliza kila njia ya oili mpaka upepo ukatokea upande wa pili, akabadilisha pampu, akabadilisha chujio. Alifunga pistoni kinyume, mshale wake ukitazama nyuma, akagundua akiwa ameshafika mbali, akafungua tena bila hata kutukana. Kazi ilimpendeza bado. Tofauti ilikuwa kwamba kila alipofaulu jambo, aligeuka kumwambia mtu, na kigoda kilikuwa tupu.

Siku ya kuiwasha ilikuwa ya masika, madirisha ya mtaa yamefunguliwa. Alifungua mlango wa gereji, akapiga kiki. Ikakohoa. Akapiga tena na tena mpaka jasho likamtoka, akarekebisha hewa kwenye kabureta, akapiga. Injini ikashika. Ilinguruma kwa mashaka, halafu kwa uhakika, mlio mmoja mmoja ulioshiba, kama ile iliyosikika zamani ng'ambo ya mto. Alikuwa ameijenga kwa mikono yake, mmojawapo mbovu, na furaha ikampanda mpaka kooni. Akageuka.

Taprandich alikuwa amesimama kwenye mlango wa juu ya ngazi, amefunika mdomo. Naye alikuwa anatabasamu chini ya vidole. Kigelegele kilimfika mdomoni akakimeza. Siku nyingine yoyote Chelagat angepanda zile ngazi mbio.

Aliizima injini. Akafungua kifuniko cha oili, akakitoboa kwa drili pembeni, akakifunga mahali pake. Kisha akapitisha waya kwenye tundu, akauzungusha kwenye bolti iliyo karibu, akausokota kwa koleo mpaka ukakaza. Taprandich alishuka ngazi mbili akatazama.

"Waya ni wa nini?" aliuliza. "Kinafunguka njiani?"

"Njiani hakijawahi kufunguka."

"Sasa?"

"Ni wa hapa nyumbani."

Taprandich aliitikia kwa kichwa, taratibu, mara kadhaa. Hakulia. Chelagat alivaa koti, akavaa glovu, akaitoa pikipiki kwenye mwanga. Ilikuwa Jumamosi. Dada yake akamfuata mpaka mlangoni, akasimama pale pale alipozoea kusimama, na kwa sauti yake ile ile akasema, "Mungu akutangulie."

Chelagat alikuwa ameinua mguu kupiga kiki. Akaushusha.

"Leo mmepatana nini?" aliuliza.

Taprandich alimtazama. Mikono yake ilikuwa mitupu, na aliigeuza kidogo kama anayemwonyesha kwamba ni mitupu.

"Leo ni mimi peke yangu," alisema. "Ni hiyo tu niliyosema."

Chelagat alitamani kumwamini. Alimtazama yule aliyembeba mgongoni, akaona kwamba anasema kweli, au karibu anasema kweli. Kisha akainama, akaugusa waya kwa kidole kuona kama bado umekaza, akapiga kiki, akaondoka.